Ratiba ya Kuonja Boha Korogwe

Tangu nilipoanza masomo ya jioni pale Kang'ata, nilishikwa na ugonjwa wa kuandika ratiba. Kupalilia mahindi nilikuandikia ratiba. Kuoga nilikuandikia ratiba. Mke wangu Yuditha alisema iko siku nitaandika ratiba ya kupiga chafya, halafu nitachelewa kuipiga.

Makosa si yangu peke yangu. Mwalimu wetu Catherine, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alikuwa akiniamkia shikamoo mlangoni na kunigombeza ndani. "Mzee Mhina," alisema jioni moja, "mtu mwenye mpango hangoji siku yenyewe ifike. Kila kinachoweza kufanywa jana, kifanywe jana." Maneno hayo niliyanakili kwa mwandiko wangu bora, na kabla ya kulala nikayaombea.

Ndipo ulipokuja ujumbe wa Mzee Mdoe wa Kwashemshi.

Mwanangu Richard alikuwa fundi baiskeli Korogwe, na huko akampenda Raheli, binti wa Mzee Mdoe. Tulishapeleka salamu za kwanza. Sasa mzee alijibu kwamba kabla hajatukaribisha mlimani kwake, anataka kunitazama mtu mwenyewe. Tukutane Korogwe siku ya gulio. Nimtafutie mahali pawili: kwanza kwa mtu anayetengeneza boha ya kweli, pombe ya miwa iliyotwangwa, si hii ya kuchanganya sukari, halafu kwenye mojawapo ya baa mpya zinazouza bia za kopo za Afrika Kusini, azione kabla hajafa. Akiridhika, tutazungumza habari za watoto.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyozoea kuvisikia kwa majina tu vilikuwa vimejaa madukani, na hata mzee wa Kwashemshi alikuwa na haki ya kutamani kopo. Shida ilikuwa mwongozaji wa safari. Mimi ni mzee wa kanisa. Baa nilizijua kwa muziki wake tu, nikipita upande wa pili wa barabara.

Na lilikuwapo jambo zito zaidi. Yuditha alipolazwa hospitali na waganga wakaanza kunihurumia mimi badala ya kumtibu yeye, nilisimama mbele ya kanisa zima nikamwahidi Mungu kwamba akimponya sitameza pombe tena maisha yangu yote. Yuditha alipona. Yupo hadi leo, ananicheka.

Lakini kila mtu wa pande zetu anajua kwamba pombe ya posa huonjwa kwanza na baba wa mvulana, mbele ya macho ya mgeni. Ndivyo anavyoonyesha kwamba hakuna sumu, wala kinyongo. Hatumi mtu. Mwaka uliotangulia Mzee Mdoe alikataa mchumba mwingine wa Raheli kwa sababu baba yake, akisingizia vidonda vya tumbo, alimsukuma mpwa wake aonje. Mzee Mdoe alivaa kofia yake akaondoka.

"Baba, usiniharibie," Richard aliniambia. Alisema hilo tu.

Nilimwendea Saning'o, rafiki yangu mfugaji tunayeketi naye dawati moja kisomoni.

"Kunywa kidogo," alisema. "Mungu wako hapimi kwa kijiko."

"Niliapa, Saning'o."

"Basi ninywe mimi, tuseme ni wewe."

"Masikio yako yaliyotogwa yanafika mabegani. Nani atadhani wewe ni mimi?"

"Kweli. Nitaonekana mzuri mno."

Usiku ule nilipiga magoti nikamwomba Mungu anionyeshe njia, na kabla sijasema amina nikaiona, haraka kiasi ambacho kingemtia shaka mtu mwenye akili. Boha inatokana na maji ya miwa. Maji ya miwa yakiwa bado matamu si pombe; hata watoto wa shule ya Jumapili hupewa. Basi nitaonja maji matamu kutoka kibuyu kidogo. Kisha nitatoa sala ya shukrani, ndefu. Wakristo wote watafumba macho. Wakiwa wamefumba, mwenye nyumba ataondoa kibuyu kidogo na kuweka kikubwa chenye boha ya mgeni. Nisingesema uongo hata neno moja. Ningetumia sala kama pazia tu, na nilijiambia kwamba Mungu, aliyemwona Yuditha kitandani, angeelewa.

Niliandika ratiba. Kuwasili na salamu. Kuonja. Sala (macho yafumbwe). Kubadili vibuyu. Boha. Mapumziko ya haja ndogo. Baa. Mwalimu Catherine aliisahihisha kama zoezi, akanipa alama nzuri, akauliza mbona wageni hawali. Chakula nilikuwa nimekisahau.

Saning'o alikuwa anapeleka ng'ombe mnadani Korogwe, nikampa maneno ya kumfikishia Mama Hilaria, mjane anayetengeneza boha nyuma ya reli. Kibuyu kikubwa, boha iliyoiva. Kibuyu kidogo, maji matamu, na avibadili wakati wa sala. Na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mwema, nikaongeza: maji matamu yakamuliwe jana yake, tusije tukangojeana.

Siku ilipofika nilivaa koti la mtumba ambalo Yuditha alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Mzee Mdoe alikuwa ameshafika uani kwa Mama Hilaria, mtu mfupi mwenye fimbo na kofia ya kijivu. Tulisalimiana kwa kirefu: habari za mlimani, habari za kwetu Handeni, mvua, mihogo, wajukuu. Saning'o aliketi pembeni, fimbo mapajani. Richard alisimama karibu na mlango wa ua kama mtu anayesubiri kupimwa damu.

"Nimesikia wewe ni mtu wa sala," Mzee Mdoe alisema.

"Najitahidi, mzee mwenzangu."

"Na wa kalamu."

"Najitahidi zaidi."

Akacheka kidogo. Mambo yalikuwa yakienda kwa ratiba kabisa. Mama Hilaria akaleta kibuyu kidogo, akachota kwa kata, akanipa kwa mikono miwili. Nilitaka mgeni aone moyo wangu ulivyo mweupe, kwa hiyo sikuonja kama waonjaji wengine wanaolowesha midomo. Nilijaza kinywa hadi mashavu yakavimba.

Ilikuwa boha.

Haikuwa na shaka yoyote. Iliuma ulimi, ikapanda puani, ikaanza kutafuta mlango wa kooni. Kumeza sikuweza, kwa sababu ya Yuditha. Kutema sikuweza, kwa sababu mwenyeji anayetema pombe yake mbele ya mgeni amekwisha kumwambia kwamba ina sumu. Nikabaki nimeketi, mashavu kama mpuliza tarumbeta, namtazama mkwe wangu mtarajiwa.

"Mzee, omba sasa," Saning'o akanikumbusha. Alikuwa ameikariri ratiba.

Mzee Mdoe akavua kofia. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Akakiinamisha mbele yangu kwa unyenyekevu, akafumba macho, akangoja sala. Richard naye akafumba. Mama Hilaria, mwaminifu, akakiondoa kibuyu kidogo na kuweka kikubwa. Ua mzima ukangoja neno langu.

Mimi ambaye huambiwa na mchungaji nifupishe, sikuwa na pa kutolea sauti. Niliomba kwa pua. Bwana, nilisema moyoni, nitoe hapa kwa njia yoyote. Pua ikawasha. Nikapiga chafya.

Boha yote ilitua kichwani kwa Mzee Mdoe.

 Matone yalikuwa yakimteremka masikioni. Kisha Saning'o akainuka, akanyoosha fimbo juu na kusema kwa sauti ya kwenye baraza la wazee, "Amebariki! Baba wa mvulana amebariki!"

Kwao Saning'o mzee hubariki kwa kutemea mate, na milimani nako wapo wazee wanaopuliza pombe hivyo hivyo wakiwaombea watoto heri. Mzee Mdoe aliendelea kuinama. "Asante, baba," akasema polepole.

Hapo ningeweza kunyamaza. Richard alikuwa ananiomba kwa macho ninyamaze. Lakini nilimwona yule mzee akijifuta kwa kofia yake mwenyewe, nikaona kwamba nimeshamficha Mungu nyuma ya pazia mara moja, na mara ya pili itanishinda.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "hiyo haikuwa baraka. Ilikuwa chafya." Nikamweleza yote: Yuditha, ahadi, vibuyu viwili, pazia. Nilipomaliza Richard alikuwa ameketi chini, mavumbini.

 Mzee Mdoe akakivuta kibuyu kidogo kilichowekwa kando, akachota, akaonja.

"Unasema ulitaka maji matamu?"

"Ndiyo."

"Yalikamuliwa lini?"

"Jana," akasema Mama Hilaria, "kama alivyoagiza mwenyewe. Nilishangaa, lakini yeye ndiye msomi."

Mzee Mdoe akaniangalia kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Mhina! Maji ya miwa, na joto hili la Korogwe, yakilala usiku mmoja kibuyuni ni kitu gani? Kwetu Kwashemshi mtoto anayenyonya anajua!"

"Kang'ata hatuna miwa," nilisema.

Alicheka mpaka akashika fimbo asianguke. Kisha cheko likaisha, akajifuta macho, akasema, "Chafya haikuwa baraka, hilo nililijua. Anayebariki hana sura ile. Lakini ulijaza mdomo usimeze kwa ajili ya mkeo, halafu ukanieleza ukweli wakati nilishashukuru. Yule mwenye vidonda vya tumbo hakuniambia neno la kweli hata moja." Akamgeukia Richard. "Simama, kijana. Suruali yako inachafuka. Njooni mlimani Raheli aseme mwenyewe."

Halafu akadai sehemu ya pili ya ratiba.

Katika baa mpya alipewa bia ya kopo, baridi mpaka inatoka jasho. Aliigeuza, akasoma maandishi asiyoyaelewa, akauliza nani anaonja kwanza. Mhudumu akamwambia hakuna wa kuonja: limefungwa kiwandani, kila mtu anafungua lake.

Mzee Mdoe alinitazama. Saning'o alinitazama. Mimi nilitazama soda yangu. Kama ningeanzia baa, kusingekuwa na kibuyu, wala pazia, wala chafya.

"Mwambie mwalimu wako akupunguzie alama," alisema Saning'o.

Mzee alikunywa kopo lile nusu, akalisukuma mbali. "Baridi nzuri," alisema. "Lakini mtu utamjuaje kwa kopo?" Akaomba turudi kwa Mama Hilaria.

Siku ya arusi, wakwe zangu wa Kwashemshi walinitwangia miwa mbele ya macho yangu, nikapewa maji yangu matamu yakiwa bado na povu la kinu. Nilipoinua kata nionje, safu nzima ya mbele iliinuka ikahamia pembeni, na Mzee Mdoe akavaa kofia.