Sahani za Bi Tamima

Kuanguka kwa Bi Tamima kulisimuliwa kwa namna nyingi katika kichochoro chao cha Sokomuhogo, lakini wasimulizi wote walikubaliana jambo moja: sahani ilisalimika. Alikuwa anashuka ngazi ya nyumba yake na mkate wa kumimina, moto moto, anampelekea Mwanamkasi, jirani yake wa nyumba ya mbele, mguu ukateleza. Mtu mwingine angeitupa sahani akashika ukuta. Bi Tamima aliinyanyua juu kwa mikono miwili, goti lake akalitoa kafara. Mwanamkasi alipokuja mbio aliambiwa, "Pokea kwanza sahani, mwanangu, mkate usije ukapoa." Baada ya hapo ndipo Bi Tamima alipoanza kulia.

Wanaosema kujikwaa si kuanguka hawajaipanda ngazi ile. Ni ya mbao, imesimama wima, na ilijengwa na watu wembamba kuliko wajukuu zao. Pia ya goti ikapasuka. Hospitali walimfunga plasta, wakaja wakaitoa, wakampa mkongojo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kumtembelea nyumbani, msichana aitwaye Nassra, mwenye sauti laini na roho ya askari.

Mwanawe Sami, aliyejenga Mbweni, hakutaka kusikia tena habari za ngazi. Alikwishamtengenezea mama yake chumba cha chini, na chooni ametia vyuma vya kushikia. "Mama, Jumapili ya mwisho wa mwezi nnakuja na gari," alimwambia. "Nikikuta unaweza kushuka mwenyewe, sisemi neno. Kama huwezi, tunakwenda Mbweni." Bi Tamima alikubali, kwa sababu Sami alisema kweli, na mtu hagombani na kweli mbele ya mke wa mwanawe. Lakini nyumba ile aliingia akiwa bi harusi. Mumewe aliondoka kwa mlango ule siku aliyokwenda kuzikwa, na yeye alikusudia kuondoka kwa mlango huo huo na kwa safari hiyo hiyo, si kwa gari la Sami.

Ubaya ni kwamba alikuwa anaogopa. Ndani ya nyumba alitembea vizuri, na somo la Nassra alilihifadhi kama sura fupi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mgonjwa. Lakini kila akifika penye ngazi akatazama chini, moyo ulimwenda mbio, akakumbuka kuwa hajaanika kanga. Sami akipiga simu alimjibu, "Nnaendelea vyema, alhamdulillahi." Ilikuwa kweli, maadamu Sami hakuuliza anaendelea kwenda wapi.

Na muda wote huo chakula kilikuwa kinapanda. Kichochoro kile kina kasoro zake, watu wake wanapenda kujua kila mtu kanunua nini, lakini mgonjwa hafi njaa. Mwanamkasi, mtu wa Makunduchi aliyeolewa mjini, alileta pweza wa nazi, kisha samaki wa kupaka, kisha mikate ya chila. Nyumba ya karibu na msikiti wakaleta boko boko la ngano na nyama. Hata Haitham, mwenye duka pale chini ya dirisha, kapera aliyekubuhu, alipandisha borohowa ya choroko aliyoipika kwa mkono wake, na Bi Tamima aliila yote kwa huruma.

Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo Bi Tamima alifunzwa kabla hajafunzwa alifu. Ikija na mchuzi itarudi na mkate, ikija na mkate itarudi japo na visheti, lakini itarudi na kitu kilichotoka mkononi mwako. Na mikono ya Bi Tamima siku zile ilikuwa na kazi ya kushika mkongojo. Alikuwa na kikapu chake cha ukindu, anachokishusha kwa kamba kutoka dirishani anapotaka kitu dukani, na angeweza kupandishiwa biskuti. Lakini kumrejeshea mtu sahani na biskuti za dukani, alivyoona yeye, ni heri umtukane akasikia. Basi aliziosha, akazikausha, akazipanga kabatini. Zenye doa jekundu la rangi ya kucha mgongoni, za Mwanamkasi, akaziweka huku. Zenye doa la buluu kule. Nikipona, alijiambia, zitarudi zote na haki zake.

Alikuwa na dukuduku lake moja tu. Sahani yake mwenyewe, ile ya maua ya buluu aliyoachiwa na mama yake, ile ile aliyoanguka nayo, Mwanamkasi hakuirejesha. Ilikwenda na mkate, kikarudi kimya. Kuiulizia hawezi, na kuisahau hawezi. Kila jioni aliikumbuka kidogo, akanuna, kisha akala pweza wa Mwanamkasi.

Halafu chakula kikaanza kuja katika vyombo vya ajabu. Wali ulikuja kwenye mfuniko wa sufuria. Mchuzi ukaja kwenye kopo lililokuwa la aiskrimu. Siku moja Mwanamkasi alileta ndizi za nazi kwenye kisahani cha plastiki cha mtoto, na ndizi zilipokwisha, chini akatokea sungura aliyevaa kofia.

"Nassra, unayaona mambo haya?" Bi Tamima alisema, akimwonesha yule sungura. "Nshakuwa mtu wa kuletewa chakula kwenye mifuniko."

"Kwani si kitamu?"

"Kitamu. Adabu ndiyo iliyokwenda zake. Ukiugua sana watu wanakuchoka, mwanangu, hata kama hawasemi."

Nassra, ambaye kwao ni Jang'ombe na hakujua siri za kichochoro kile, alimwambia asimamie mguu mmoja mpaka atakapoambiwa basi.

Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, Bi Tamima alikuwa amekaa karibu na dirisha lake akiwasikiliza watu wa chini, jambo ambalo kwa mgonjwa si dhambi. Mwanamkasi alikuwa amesimama mbele ya duka la Haitham.

"Kesho wageni wa posa ya Wanu wanatoka Mkokotoni," alisema Mwanamkasi. Wanu ni bintiye wa pekee. "Pilau ipo, maandazi yapo, na mimi sina pa kuwapakulia. Nimebakiwa na sinia moja na vikombe."

"Zako ziko wapi?" Haitham aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

Mwanamkasi alinyanyua kidevu kuelekea juu. Bi Tamima alijivuta nyuma ya pazia.

"Na yangu iko huko huko," alisema Haitham. "Mimi nna sahani moja duniani, Mwanamkasi. Leo mchana nimekula kwenye sahani ya mizani. Mteja kaja kutaka mchele, nikamwambia angoje nimalize."

"Masikini."

"Mwambie akushushie kwa kikapu."

"Mgonjwa umdai sahani? Mimi? Bora hao wa Mkokotoni wale kwenye majani ya mgomba, niwaambie mjini ndiyo mtindo mpya."

Wakacheka wote wawili. Juu, Bi Tamima hakucheka. Aligeuka akalitazama kabati lake, sahani zimejipanga hadi kwenye kioo, na mbele yake sungura na kofia yake. Kumbe watu hawakumchoka. Walikuwa wanamlisha kwa vyombo vya mwisho walivyobakiwa navyo, na yeye amekaa anawahesabia adabu. Uso ulimwaka kwa aibu, akiwa peke yake chumbani, hana hata wa kumficha uso.

Alisimama akachungulia dirishani. Mwanamkasi alikwishaingia kwake. "Haitham!"

"Naam, Bi Tamima."

"Nnakushushia kikapu. Nitilie unga, hamira, sukari, mafuta na hiliki."

"Kuna nini?"

"Kuna kazi."

Asubuhi ya Jumapili, ile ile ya mwisho wa mwezi, Nassra alipopiga hodi alikaribishwa kwa sauti kutoka jikoni. "Leo hakuna mazoezi," Bi Tamima alimwambia. "Leo kuna kaimati." Nassra alisimama mlangoni akamtazama mgonjwa wake, amesimama mbele ya jiko, uzito umegawika miguu yote miwili, anachota unga kwa vidole na kuudondosha kwenye mafuta, na mkongojo umelala sakafuni karibu na mlango umesahauliwa. Nassra alinawa mikono akaanza kupika shira.

Zilipoiva, kikapu kilianza kushuka. Kila sahani ilishuka na kaimati zake, zimefunikwa kitambaa, na Haitham chini alipokea, akageuza kuangalia doa, akapeleka kwa mwenyewe. Yake mwenyewe ilipofika aliibusu mbele za watu. Sungura naye alishuka, kofia yake imejaa shira. Kichochoro kizima kilinukia hiliki, na watoto walifuata kikapu kwa macho kama watu wanaotazama mpira.

Adhuhuri Nassra alikwenda kwa mgonjwa mwingine, na kabatini ilibaki sahani moja: ile kubwa ya Mwanamkasi ya kupakulia pilau, ambayo haikukubali kuingia kikapuni kwa upande wowote. Bi Tamima aliijaza kaimati. Angeweza kumwita Haitham apande aichukue. Alifungua mdomo amwite, akaufunga. Wanu amezaliwa mbele ya macho yake. Siku ya arubaini alimbeba yeye. Leo anaposwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, naye atazame dirishani kama mpita njia? Alivaa baibui lake jipya, akaenda mpaka penye ngazi, akatazama chini. Moyo ukamwenda mbio vile vile. Kanga zote zilikuwa zimeshaanikwa.

Basi akakaa kitako. Aliiweka sahani kwenye ngazi ya mbele yake, akajisukuma, akaifuata kwa makalio. Akaisogeza tena, akaifuata tena. Haikuwa hadhi ya bibi wa ukoo wake, na aliomba Mungu marehemu mumewe awe anatazama kwingine. Alikwenda hivyo mpaka katikati, penye mbao ile iliyomwangusha, na hapo mwili ukamgomea. Aliipakata sahani, akaona wazi chumba cha Mbweni na vyuma vyake vya chooni.

Mlango wa chini ukafunguliwa. Alikuwa Mwanamkasi, anakuja kutoa shukurani, mkono mmoja bado una unga. Alimwona jirani yake amekaa gizani na lundo la kaimati mapajani.

"Bi Tamima, unafanya nini hapo?"

"Nnakurejeshea sahani yako."

Mwanamkasi alipanda taratibu akakaa ngazi ya chini yake. Walitazamana, kisha kicheko kikawashika, mpaka Bi Tamima akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Hapa ndipo nilipoanguka," alisema. "Nnaogopa, Mwanamkasi. Sikumwambia mtu."

"Na mimi nnawaogopa hao wa Mkokotoni. Nipe sahani, nipe na mkono. Twende tukaogope pamoja."

Bi Tamima alisimama. Mkono mmoja ukutani, mmoja mabegani kwa Mwanamkasi, akatanguliza mguu mgonjwa. Ngazi ililia, kama inavyolia siku zote, na wao wakashuka.

Sami alifika wageni wakiwa katikati ya pilau. Alipanda ngazi akakuta nyumba tupu na mkongojo sakafuni, akashuka mbio rangi imemtoka. Haitham, mdomo umejaa kaimati, alimwonesha mlango wa Mwanamkasi. Sami akapiga hodi, na mama yake akatoka mwenyewe, mkono mmoja umeegemea kizingiti. Sami alimwinamia, akambusu mkono.

"Shikamoo, Mama. Umeshukaje?"

"Marahaba. Nusu kwa makalio, nusu kwa miguu. Hukusema kwa kiungo gani."

"Mama, chumba nshakitandika."

"Nnajua, mwanangu, Mungu akulipe. Hebu niambie, jirani yako wa geti la pili anaitwa nani?"

Sami alijikuna shingo. Alikuwa Mbweni miaka mingi. "Ana gari nyeupe," alisema hatimaye.

"Basi nikipika huko, sahani ntaipeleka kwa nani? Kwa gari nyeupe?"

Sami alitazama chini. Pua yake ilinusa pilau na hiliki, na masikio yake yalisikia wanawake wa ndani wakiuliza Bi Tamima yuko wapi, mahali pake pasichukuliwe. Akaziweka funguo za gari mfukoni.

Wageni walipoaga, Mwanamkasi alitoka na sahani iliyofunikwa. Alikifunua kitambaa. Chini ya pilau yalichomoza maua ya buluu.

"Yako hii," alisema. "Kila siku Wanu ananiambia niirejeshe, na mimi nnakataa. Nilisema mwenyewe atashuka kuichukua."

Bi Tamima alikumbuka jioni zote alizonuna. Alimvuta Mwanamkasi akambusu kwenye paji la uso, mara moja, kwa nguvu.

Kurudi juu, Sami alifuata nyuma akiwa amebeba sahani. Bi Tamima alishika ukuta, akatanguliza mguu mzima, akapanda ngazi moja, kisha nyingine. Walipofika penye ile mbao alisimama akavuta pumzi.

"Shika kwa mikono miwili, Sami," alisema bila kugeuka. "Ukiteleza, kwanza sahani."