Ghorofa Isiyo na Ngazi

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mama Ndoo, mfanya usafi wa kanisa, alikuta ofisi imehamia ghorofa mpya na ngazi bado hazijajengwa. Saruji ya ngazi ilikwisha kuwa kibaraza nyumbani kwa mchungaji. Waumini walilijua hilo, na mwenye macho haambiwi tazama. Nyuma ya jengo ilikuwepo ngazi ya miti iliyoachwa na mafundi, ila hiyo ilikuwa ya mchungaji na katibu wake, nao wakishafika juu waliivuta.

Sakafu ya juu ilikuwa na vumbi, na kudeki ndiyo kazi yake. Mama Ndoo akashika ndoo, akainua mguu pale ambapo kidato cha kwanza kingekuwa, akakanyaga. Hewa ikamshika, ngumu kama ubao, yenye ubaridi kidogo. Akakanyaga tena. Kwa hatua kumi na saba akafika, akadeki, akashuka.

Katibu, aliyeyaona yote hayo, alimwambia tu asimwage maji machafu upande lilipo gari la mchungaji.

Jumatano mchungaji alimwita.

"Mama, ukipanda unasali sala gani?"

"Sisali, Mchungaji. Naogopa, halafu nakanyaga."

"Una maana huna uhakika?"

"Kila hatua sina."

Mchungaji aliandika kitu kwenye karatasi. Jumapili akahubiri kwamba yupo dada mmoja mwenye imani ya chuma, asiyejua shaka hata chembe. Ngazi hazihitajiki tena, akasema. Mwenye imani atapanda. Yeye mwenyewe aliendelea na ngazi ya miti kwa sababu ya mgongo.

Basi watu wakaanza kujaribu, kwani barua zote zilitoka ofisini humo: za ubatizo, za ndoa, za maziko. Wengi hawakupita hatua ya pili. Mwalimu wa kwaya, mume wa mdogo wake Mama Ndoo, alitaka barua ya harusi ya binti yake. Alikuja na koti lake la sikukuu, akakemea mapepo kwa sauti nzito, akapanda mbio mbio. Hewa ilimvumilia hadi hatua ya tisa, ikamwacha. Mguu ulivunjika mahali pawili. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba ipo dhambi, wakamwomba mkewe aitafute.

Mama Ndoo alikwenda kumjulia hali, akamkuta amelala, mguu umefungwa plasta, uso ameugeuzia ukutani.

"Shemeji, imani yangu imepungua wapi?"

"Sijui, shemeji. Yangu mimi sijawahi kuiona. Naona ndoo tu."

"Na harusi ni Jumamosi."

"Kesho nitakubeba."

"Tukianguka?"

"Tutakuwa tumeanguka."

Kesho yake alimfunga mgongoni kwa shuka, plasta ikining'inia kando, akapanda. Hewa iliwashika wote wawili vilevile ilivyokuwa ikimshika peke yake, haikuuliza nani yuko juu ya nani. Katibu aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mwalimu, umepandaje?"

"Nimebebwa."

"Aliyebebwa hajapanda." Mhuri ukarudi kwenye droo.

"Lakini si niko hapa?" mwalimu akauliza.

"Uko hapa," katibu akakubali, kisha akaandika: hakufika.

Mama Ndoo alikaza fundo la shuka lililokuwa likimkata mabega. Akageuka, maana shemeji yake alikuwa mzito na safari ya kushuka ilimngoja.

Katikati ya hewa mwalimu alimnong'oneza, "Nimefumba macho, kama wewe."

"Mimi sifumbi," alijibu. "Natazama chini kila hatua."

Binti aliolewa bila barua, kwenye ua wa jirani, na baba yake akaimbisha akiwa ameketi.

Jumapili iliyofuata mchungaji alitangaza kwamba kuanzia sasa watakaobebwa watahesabiwa hawakufika, na kwamba neema haina njia ya mkato. Waumini waliitikia amina kwa pamoja. Walioweza kusimama walisimama. Wengine waliegemea magongo.