Maandishi ya Mlangoni

Dada Mkubwa alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, bisibisi mkononi, akaanza kufungua kibao kilichoandikwa MKURUGENZI. Ilikuwa asubuhi kweupe, na mkurugenzi mwenyewe yumo ndani, anaongea na simu. Dada Mkubwa hakunyata wala hakutazama nyuma. Skrubu ya mwisho ilipogoma aliisonya, akaikazania, ikatoka.

Chanzo cha yote kilikuwa neno moja. Makao yale ya watoto yalikuwa na tovuti, na kwenye tovuti kulikuwa na ukurasa wa picha na michoro ya watoto. Zamani ukurasa huo uliitwa "Waliotupwa". Mwaka uliopita walezi walikaa kitako, wakabishana weee, wakaupa jina la "Watoto Wetu". Siku hiyo aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Dada Mkubwa, maana naye alilelewa humo humo, akakua, akabaki kuwa mlezi. Walichosahau ni menyu. Kule juu, katika ile safu ya maneno ya kubonyeza, baina ya "Kuhusu Sisi" na "Mawasiliano", neno la zamani lilibaki limejikalia. Ilibidi ubonyeze "Waliotupwa" ndipo ufike kwa Watoto Wetu.

Kijino, binti wa pale makaoni mwenye mwanya na ulimi mwepesi, alitaka kuwaonyesha wenzake shuleni mchoro wake wa jogoo. Hawakufika kwa jogoo. Waliishia kwenye menyu, na kicheko kikaenea darasa zima. Tangu siku hiyo Kijino hasikii la mtu. Anajifunika shuka gubigubi na kusema shule basi. Na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa unabisha hodi.

Siku moja kabla ya kupanda ndoo, Dada Mkubwa alikwenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Baba, naomba lile neno litolewe leo."

"Lakini mwanangu, ukurasa si tulishaubadilisha? Mtu akiingia anaona Watoto Wetu."

"Na asiyeingia?"

"Hayo ni maandishi ya mlangoni tu. Fundi wa tovuti atakuja mwezi ujao, atayamaliza pamoja na mengine. Usinitafutie shughuli, kesho nina wageni."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Dada Mkubwa zaidi. Rangi alizochorea Kijino jogoo wake alizinunua yeye kwa mkono wake. Usiku ule Dada Mkubwa aligaagaa kitandani akimkumbuka mgeni mmoja wa zamani, aliyemshika kidevu akauliza, "Huyu naye ni wa kutupwa?" Naye, mtoto wa miaka saba, alitabasamu. Alifundishwa kuwachekea wageni. Mpaka leo linalomuudhi si swali la yule mgeni, bali tabasamu lake mwenyewe. Kulipokucha alijikaza kisabuni, akaenda stoo.

Ofisi ya mkurugenzi, kabla ya kukarabatiwa, ilikuwa ya kufulia nguo, na kibao chake cha bati kilikuwa bado kipo, kimeegemea ukuta nyuma ya magodoro. Alikipangusa vumbi. CHUMBA CHA KUFULIA. Akakifunga mlangoni, akashuka kwenye ndoo, akaikalia.

Hakikukaa sana kabla ya kufanya kazi. Mlezi mpya alileta kapu la mashuka yaliyokojolewa, akalitua pale mlangoni, akaenda zake. Kisha wageni wakafika wakiwa nadhifu, wakasoma kibao, wakapita. Walizunguka mpaka uani, wakawa wanamtafuta mkurugenzi katikati ya kamba za nguo. Mkurugenzi aliposikia sauti zao zikitokea upande wasiopaswa kuwapo, alitoka mbio na kujikwaa kwenye kapu.

Alikitazama kibao. Akamtazama Dada Mkubwa.

"Umerukwa na akili?"

"Kwa nini, baba? Ndani si ni ofisi? Mtu akiingia atakuona. Hayo ni maandishi ya mlangoni tu."

"Nipe hiyo bisibisi."

"Piga simu kwanza."

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Ndiyo," alisema Dada Mkubwa. "Na leo sitabasamu."

Kelele zilikuwa zimemtoa Kijino kitandani. Alikuja na shuka lake mabegani, akasoma kibao, akaliona kapu, akaona suruali ya mkurugenzi iliyolowa gotini. Mwanya wake ukaonekana kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mkurugenzi alivuta pumzi, akabonyeza namba.

"Fundi? Kuna neno kwenye menyu, nataka ulitoe. Hapana, si mwezi ujao. Sasa hivi." Akasikiliza. "Neno gani? Lile la... lile la watoto. Yapo mengi? Basi ni lile..."

Akainua macho. Kijino alikuwa amesimama mbele yake, kichwa kimeinama kidogo upande, anangoja kama anayengoja jibu la hesabu.

Mkurugenzi akageukia ukuta, akashusha sauti.

"Sema kwa nguvu, baba," Dada Mkubwa alisema. "Hakusikii."

Mkurugenzi alifumbua mdomo, akaufumba. Mkononi mwake sauti ya fundi iliendelea kuita kwenye simu, haloo, haloo, neno gani, mzee?