Suti ya Mwalimu Pantaleo

Chuoni Mwalimu Pantaleo alifundishwa kwamba mtazamaji anapaswa akijue cheo cha mhusika kabla mtu hajafungua kinywa. Mwaka 1974, pale shuleni kwake Nyasubi, alikusudia kulithibitisha hilo mbele ya afisa utamaduni wa wilaya, aliyekuwa akija kuchagua mchezo mmoja wa kwenda Shinyanga. Wake alikuwa ameuandika kwa miaka miwili.

Ulihusu kabaila anayemfukuza ombaomba mlangoni, kisha akatubu. Stanslaus, aliyeigiza kabaila, alivaa suti ya kijivu ya Pantaleo mwenyewe, na tai, na kofia. Thobias, ombaomba, alifungwa shuka la kaniki begani, akapewa fimbo na makatambuga ya tairi. Vyote vitatu viliazimwa kwa mzee Maganga, jirani wa shule.

“Vimechakaa sawasawa,” alisema Pantaleo. Kwamba Maganga alikuwa na ng’ombe mia nne, alilijua. Hakuona linahusiana vipi na mavazi.

Siku yenyewe wafugaji walijaa mbele, wengi wamevaa kama Thobias. Thobias alipoingia akichechemea, mzee mmoja alinyanyuka kumpisha kiti. Alipoingia Stanslaus na suti yake, hakuna aliyejitikisa.

“Toka mlangoni kwangu, fukara wee!” Stanslaus akafoka.

Ukumbi ukalipuka.

“We karani!” alipaza sauti Klara, muuza maziwa. “Unamfukuza mwenye boma? Kesho utalala wapi?”

“Mpe fimbo, baba! Mpe moja tu!” mwingine akamhimiza Thobias.

Thobias alitakiwa apige magoti. Aliwatazama watu, akaitazama fimbo, akabaki wima. Kisha akatamka maneno ambayo hayakuandikwa popote:

“Nyumba hii ya nani?”

Stanslaus alikuwa mtoto wa hapo hapo. Kofia ikamtoka kichwani yenyewe.

“Yako, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Kafungue zizi.”

Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Nyuma ya pazia Pantaleo alifumba macho. Kanuni ya chuo ilikuwa sahihi kabisa: kila mtu ukumbini alikijua cheo cha kila mhusika kabla ya neno la kwanza.

Mchezo ulipokwisha, afisa utamaduni alikuja nyuma akijifuta machozi kwa leso.

“Mwalimu, Shinyanga mnakwenda! Sijaona mchezo mzuri hivi wa karani mwenye maringo. Ila pale anapotubu mwishoni pafute, panachosha. Na hiyo suti! Umeipata wapi, ya kikarani namna hiyo?”

Pantaleo alikuwa na jibu la kweli, na alikuwa na safari ya Shinyanga.

“Nimeiazima,” alisema.

Maganga alikuja kuchukua vitu vyake. Alikung’uta kaniki, akaifunga begani, kisha akamtazama mwalimu aliyekuwa akiikunja suti, upande wa bitana nje.

“Usijisikie vibaya, mwalimu,” alisema kwa upole. “Bado kijana wewe. Mungu akijalia, iko siku na wewe utavaa shuka.”