Masharubu ya Lalo Barragán

...na nikisema atoe, basi atoe yote, si kupunguza, lakini Machuki kinyozi ananoa tu wembe kwenye mkanda, ameniuliza mara moja, nitoe ama niache, na mimi Cephas nimekaa kwenye kiti chake hapa Homa Bay, shuka shingoni, sijajibu, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, miaka saba ukumbi unajaa kila Jumamosi mchana kwa vichekesho vyangu, hata askari wananiita Meksiko, kwa sababu tangu gari la sinema lilete filamu za Lalo Barragán, yule mchekeshaji wa Mexico anayecheza fundi cherehani maskini, nimefuga masharubu membamba kama yake, nimejifunza kuanguka kwake, viatu kwanza, kofia mwisho, na ninaweza, hilo sina shaka... Mayaka wa televisheni, aliyetoka Nairobi kutazama mchezo wetu ukumbini, alicheka mpaka akafuta macho, halafu nje akaniambia polepole nifike Jumatatu kwa majaribio, ila huyo Mmeksiko nimwache, nilete mtu wa kwetu, nikakasirika, mtu wa kwetu gani, nani atacheka... leo asubuhi Pauline mke wangu, yeye ni mwalimu, akanisomea gazeti la misheni, maisha ya Lalo yote, alianza akifagia nyuma ya farasi wa sarakasi, kwenye filamu ya kwanza alibeba sinia tu, hakusema neno, miaka kumi ya kubeba sinia, ndipo akapewa yule fundi, filamu thelathini, kisha akazeeka, goti likakataa kuanguka, wenye filamu wakamsahau, akaingia televisheni, akanyoa, sasa anacheza mzee anayegombana na jirani juu ya kuku, na watu wanawahi nyumbani kumtazama... amenyoa, nikauliza, kana kwamba wembe umenipitia mimi, Pauline akakunja gazeti, akasema, "Cephas, mwenyewe ameshaacha kuwa yule fundi. Wewe ndiye umebaki." ...na hapo nikakumbuka kwetu Muhuru, Desemba, mazishi ya mama, nilisimama kando ya kaburi niseme, nikasema mama yetu, machozi yakanitoka, na mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wengine, wakaziba midomo, hawakuwa na ubaya, waliona masharubu wakadhani mchezo umeanza, nikakaa chini, sikumaliza, mama akafukiwa bila neno langu... Machuki anasema kitu kuhusu mvua, naitikia ee... na mama mwenyewe angecheka kuliko wote, mama aliyeanika omena, dagaa wa ziwa letu, ufuoni akiwafukuza kunguru kwa hotuba ndefu kama diwani, wewe ndege, baba yako ni nani, umetoka lokesheni gani, chifu anajua uko hapa, mkono kiunoni, bega la kushoto juu, anamsogelea kunguru hatua fupi fupi kama anaenda kumsalimia, na kunguru anangoja, kweli anangoja, anataka kusikia mwisho... nani Nairobi amemwona mwanamke huyu, nani Mexico, hata Lalo hana huyu, sauti yake ninayo, nimekuwa nayo tangu nizaliwe, mdomo wake pia, huu huu, chini ya nywele hizi...

"Tulia, bwana," Machuki anasema, wembe bado uko kwenye mkanda, "mbona unainua bega la kushoto?"

...siinui mimi.