Ukuta wa Kitandani kwa Bibi

Gazeti lilikuwa limebandikwa kichwa chini. Nilipofuta masizi kwa kitambaa kibichi, herufi zilijitokeza miguu juu kama popo, nikalazimika kupanda kitanda cha marehemu bibi na kupinda shingo mpaka ikauma. Nje, wazee wa mchumba wangu Theonest walikuwa wameshasimama kuondoka. Nilisikia fimbo zao zikigonga ardhi.

Nyamizi.

Nilisoma tena, isije ikawa ni hamu yangu tu.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, wazee hao hao walikuja kwetu Ushirombo kutoka Kharumwa kuniposa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mzee Bujiku, baba mkubwa wa Theonest, alipoweka chini kibuyu cha togwa.

"Upande wa baba tumeusikia. Sasa huyu bibi mzaa mama, kwao ni wapi?"

Mama alitazama viganja vyake. Bibi alipotea akiwa mtoto, wakati wa njaa. Wasafiri walimwokota, akakulia misheni. Alilijua jina lake, Nyamizi, basi.

"Watoto wakiugua tutamtaja nani kwenye tambiko?" aliuliza Mzee Bujiku. "Mtu hatoki shimoni kama panya buku."

Wenzake walicheka. Theonest alitazama viatu vyake.

"Tutarudi baada ya wiki mbili," mzee alisema. "Mkiwa na jibu, tunaendelea. Kama hamna, tutakunywa togwa yenu tu, twende zetu."

Mimi niliishia darasa la nne. Kesho yake nilikwenda misheni, nikamwomba Sista Generosa anipe kazi ya kufagia chumba cha vitabu, ambamo magazeti ya misheni ya zamani yalikuwa yamefungwa kwa katani. Hakuniuliza sababu. Alinipa ufagio na kigoda cha kukalia.

Nilisoma siku tisa. Wanawake hawamo katika magazeti. Wamo mke wa Januari, mama yake katekista, binti mmoja aliyeumwa na nyoka. Nikajifunza kuwatafuta nyuma ya wanaume, kama unavyomtafuta kuku nyuma ya madebe. Siku ya tisa, katika gazeti la Agosti 1931, nilikuta mistari miwili: *Kuhusu dada yangu Nyamizi niliyemtangaza mwezi wa Julai, bado sijapata jibu. Ngassa Masele, Samuye.*

Gazeti la Julai halikuwamo. Nilipekua hadi vidole vikawa vyeusi.

"Yaliyozidi tuliwagawia watu wabandike kuta, vumbi lisiwaangukie vitandani," alisema Sista. "Bibi yako alikuwa akitufulia. Yeye alichukua mengi kuliko wote."

Nyumba ya bibi iko nyuma ya kwetu. Tangu afariki, mwaka wa arobaini na nane, tulihifadhi humo mtama. Nilianza na ukuta wa mlangoni. Wazee walipofika, nilikuwa bado nasugua. Mama aliwakaribisha peke yake, akawatajia ile mistari miwili aliyoikariri kutoka kwangu.

"Nyamizi wako wengi kama kunguru," nilimsikia Mzee Bujiku akisema. "Mama Bernadina, asante kwa togwa."

Ndipo nikafika ukuta wa kitandani.

"Shikamooni wazee!" nilipaza sauti kabla sijafikiri. "Msiondoke! Njoni humu!"

"Ebo! Bibi harusi anatuita chumbani?" alishangaa mmoja wao.

Lakini walikuja, Theonest na Mama wakiwafuata. Mzee Bujiku aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi. "Msichana anaweza kusoma analolitaka. Theonest, soma wewe."

Gazeti lilikuwa limeshikwa na uji wa muhogo, ukilibandua linachanika. Ikabidi Theonest ainame, kichwa kikaribie kamba za kitanda, makalio yake yakielekea kwa mkwe wake ambaye hata kumtazama usoni hakuruhusiwa. Mama alijifunika kanga gubigubi, akageukia mlango. Hakuna aliyecheka.

"'Mimi Ngassa Masele wa Samuye,'" alisoma, mishipa ya shingo ikimtoka, "'namtafuta dada yangu Nyamizi, tuliyepotezana naye njiani wakati wa njaa. Sasa atakuwa mtu mzima. Alama yake...'"

"Ishia hapo." Fimbo ya mzee ilimgusa mgongoni. "Mama Bernadina, wewe ndiye uliyemwosha marehemu. Alikuwa na alama gani?"

Sikuwa nimewahi kufika mstari huo. Wala Mama hakujua kuwa upo. Punje za mtama zilichuruzika kutoka kwenye gunia lililotobolewa na panya, nikazisikia moja moja.

"Kisigino," sauti ya Mama ilitoka ndani ya kanga. "Cha kulia. Kilipasuka, kikaunga vibaya. Alikuwa akisema hakumbuki kilipatwa na nini."

"Soma."

"'Alama yake ni kisigino cha kulia. Mimi ndiye niliyemkata kwa jembe, tukicheza. Mama yetu alikufa akimtaja. Anayemjua amwambie kwetu ni pale pale, hatujahama.'"

Theonest aliinuka, macho mekundu. Sijui ni kwa kuinama. Mzee Bujiku alivua kofia, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Nyamizi ng'wana Masele," alisema polepole, akimrudishia bibi jina la baba yake. "Haya. Tunaye wa kumtaja."

Tulifunga ndoa mwezi wa Septemba. Samuye tulikwenda, tukakuta Ngassa alikuwa amezikwa miaka miwili kabla ya hapo.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku ile, wazee walipotoka kwenda kumalizia togwa. Mama alibaki, kiganja chake juu ya ukuta.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Hivi hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumsomea?"

Nilichovya kitambaa majini, nikaendelea kufuta, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kufuta. Usiku mmoja, nikiwa darasa la pili, nililala kitanda hicho hicho, mgongo wangu kifuani kwake. Bibi alinyoosha kidole juu ya kichwa changu, akagusa karatasi, akauliza magazeti yanasema nini.

"Yamekaa kichwa chini, bibi," nilimwambia. "Hayasomeki."