Haradali Mezani kwa Hoyt

Nyumbani kwa Hoyt Trammell haradali ilikuwa haikanyagi. Si chupa, si pakiti, si hata doa kwenye kitambaa cha meza. Njano ilikuwa rangi ya Chuo cha Hatchee, na Hatchee walikuwa mahasimu wa Chuo cha Talwa, timu ya ukoo wao, tangu babu yake Hoyt hajaota ndevu. Hoyt alikuwa ameapa kwamba kitu cha njano hakitamgusa, hata ua siku ya kuzikwa. Mkewe, Verna, alioka mkate wa mahindi meupe tu. Saladi ya viazi aliitengeneza bila kiini cha yai. Binti yao, Ouida, alionja haradali kwa mara ya kwanza kwa jirani, akiwa darasa la pili, akarudi nyumbani analia kwa kudhani amemsaliti baba yake.

Sasa Ouida alikuwa mwandishi wa michezo kwenye gazeti la mjini, na mmoja wa waandishi wanaopiga kura kila Jumapili kupanga timu bora za vyuo nchini katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Hoyt aliijivunia kura hiyo kuliko alivyowahi kuijivunia shahada ya bintiye.

Jumamosi ile ya Novemba ilikuwa siku ya kuchinja. Kila mwaka majani yakishapukutika, vyuo vya Shirikisho la Kusini, Talwa na Hatchee wakiwamo, hualika chuo kidogo kije kupigwa. Mgeni hulipwa, hupigwa, hushukuru, hupanda basi lake. Mwenyeji huongeza ushindi mmoja, kisha huenda redioni kulalamika kwamba hakuna ratiba ngumu kama ya Shirikisho. Safari hii mgeni alikuwa Hazel Ridge, kutoka milimani Carolina, na bendi yao ya watu wachache waliovaa makoti yaliyopauka mabegani.

Ouida aliwakuta baba yake na Mjomba Doyle, kaka yake Verna, kwenye maegesho ya uwanja, katikati ya moshi wa majiko na harufu ya mbavu za nguruwe. Hoyt alikuwa buluu ya Talwa kutoka kofia hadi soksi.

"Njoo ule, mwanangu, kabla hujapanda juu kwa wakubwa," alisema.

Doyle alikuwa akiwatazama mashabiki wa Hazel Ridge wakipita. "Hawa watu wa milimani wamekuja na majeneza yao, au tuwaazime?"

Mama mmoja mwenye skafu ya Hazel Ridge alisimama. "Tumekuja nayo, kaka. Tumeyaacha kwenye basi. Tuliambiwa huku mna upungufu."

Hoyt alicheka mpaka kofia ikataka kumdondoka. "Doyle, mpe huyo ubavu. Mdomo kama ule haufai kulala njaa."

Yule mama alichukua ubavu wake akaenda zake akitafuna, na Doyle akageukia siasa. "Mwaka huu Shirikisho litaingiza timu tano kwenye mtoano wa taifa. Andika hiyo, Ouida."

"Tano kwa sababu gani, Mjomba?"

"Kwa sababu ni Shirikisho."

"Hiyo si sababu. Hilo ni jina."

"Sikiliza," Hoyt aliingilia, akiinua koleo la nyama kama mhubiri. "Hatchee, Mungu awalaani, walitufunga. Hatchee ni wakali. Kufungwa na mkali si aibu."

"Na tunajuaje kwamba Hatchee ni wakali?"

"Si walitufunga sisi?"

"Baba, huyo ni mbwa anayefukuza mkia wake."

"Ndiyo. Lakini hebu mtazame alivyo mkubwa!"

Ouida alicheka pia. Ilikuwa vigumu kutocheka na Hoyt.

Juu kwenye chumba cha waandishi kicheko kilimwisha taratibu. Wale waliokuja kuchinjwa hawakuchinjika. Vijana wa Hazel Ridge, wembamba, wenye helmeti zilizokwaruzika, walikimbia na mpira kama wanaokimbia na mtoto mgonjwa kwenda hospitali, na zikiwa zimebaki sekunde chache walikuwa mbele. Mrushaji wa Talwa akarusha mpira wake wa mwisho, mrefu, wa kuomba Mungu. Mlinzi wa Hazel Ridge akaruka, akaudaka yeye, akapiga goti chini. Mchezo ulikuwa umekwisha. Wenzake walishaanza kulia kwa furaha.

Ndipo kitambaa cha manjano cha refa, ishara ya faulo, kikaanguka kwenye nyasi.

Hakikuanguka wakati mpira uko hewani. Kilianguka baadaye, refa alipokwisha kuutazama ubao wa matokeo. Akatangaza kwamba mlinzi amemshika mpokeaji wa Talwa. Skrini kubwa ikarudia tukio mara moja tu, ikazimwa upesi, lakini mara moja ilitosha: kijana yule hakumgusa mtu hata kwa kucha. Marefa wa Shirikisho, kwenye uwanja wa Shirikisho, kwa faida ya Shirikisho. Talwa wakapewa mpira tena, karibu na mstari wa mwisho, na mara hii wakavuka, wakashinda.

Uwanja mzima ukasimama. Hawakuliimba jina la Talwa. Waliimba kama ilivyo desturi yao: "Shi-ri-ki-sho! Shi-ri-ki-sho!"

"Timu kubwa hupata njia," alisema mwandishi mmoja mkongwe, makombo ya biskuti yakiwa yamemganda kwenye tai.

"Wamechongewa njia," Ouida alijibu.

"Basi andika kwamba wamepata," yule akasema, akajichekea mwenyewe.

Kinyaa kilimpanda Ouida kooni kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Kule chini mlinzi wa Hazel Ridge alikuwa bado amepiga goti palepale, kama asiyejua kama anaruhusiwa kuondoka.

Alimkuta baba yake amekaa nyuma ya pikapu, koleo limelala mapajani. Mbali kidogo Doyle alikuwa akicheza dansi na watu asiowajua.

"Uliona, Baba?"

"Mimi nakaa mstari wa chini kabisa." Hoyt hakuinua macho. "Yule kijana hakumgusa mtu." Akamtazama Doyle, akashusha sauti. "Tumeiba, mwanangu. Tumewaibia watoto wa watu, kweupe."

Ouida alimshika bega. Alidhani siku nzima imepata dawa yake hapo: kama Hoyt Trammell anaweza kulisema, basi linasemeka.

Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, mhariri wake, Bwana Pruitt, alimngoja akiwa na kitabu chake cha nyimbo kwapani.

"Kura yako huchapishwa na jina lako, Ouida."

"Najua."

"Na jina lako ni la baba yako."

"Hilo pia najua, Bwana Pruitt. Baba alikuwepo. Aliona."

Akaenda nyumbani, akavua viatu vya kanisani, akapiga kura. Kileleni aliweka Black Butte, chuo cha jangwani magharibi ambacho kilikuwa hakijafungwa na mtu. Watu wa Kusini hawajawahi kukitazama kikicheza kwa sababu kinaanza mechi wao wakiwa wamelala, na kwa kuwa hawajakitazama, wanajua kwa hakika kwamba ni dhaifu. Hatchee akawapa nafasi ya pili. Walistahili, njano au si njano. Talwa aliwaondoa kabisa.

Kabla ya chakula cha mchana Jumatatu alikuwa ameshaitwa ng'ombe, nyoka, na kitu kimoja cha jikoni ambacho mpigaji simu alilazimika kukieleza. Hayo hayakumtikisa. Ofisini redio ilikuwa imewashwa kwenye kipindi cha Rusty Gaines, ambako mashabiki hupiga simu kutapika nyongo zao, na Ouida alikuwa akila mkate wake aliposikia sauti anayoijua.

"Tuna Mzee Hoyt wa Mill Creek. Umeamkaje, Mzee wangu?"

"Nimeamka na hasira, Rusty."

"Kile kitambaa cha refa. Wewe hukaa palepale chini. Tuambie."

"Nilikuwa karibu kiasi cha kunusa jasho lao. Yule kijana alimng'ang'ania mtu wetu kama mjane kwenye jeneza. Refa alikuwa sahihi, mia kwa mia."

"Na huyu mwandishi aliyetufuta?"

"Kuna watu ukiwapandisha juu ya kiti wanasahau mgongo uliowabeba."

"Samahani, Mzee. Huyu si binti yako?"

"Nililea mtoto, Rusty. Kura sikulea."

Rusty akaangua kicheko na kugonga kengele yake, ile anayoigonga mpigaji simu akisema kitu kitamu. Ouida aliuweka mkate chini. Wenzake ofisini wote walikuwa ghafla na kazi nyingi.

Alitoka nje, akampigia.

"Baba, ulisema tumeiba."

"Nilisema kwenye pikapu. Redioni ni kwingine."

"Kwa hiyo ukweli una mahali pake pa kukaa, kama mbwa?"

"Ouida, sikiliza." Sauti ya Hoyt ilikuwa imechoka. "Kiwanda cha nyuzi kimefungwa. Treni inapita hapa bila kusimama. Watu wa kaskazini wanatucheka tunavyosema, tunavyokula, tunavyosali. Kitu kimoja tu hawawezi kutucheka: mpira wetu. Kimoja. Unataka nikipigie simu nikizike?"

"Nataka ulitamke mara moja mbele ya mtu. Hata mbele ya Mjomba Doyle tu. Sitaki uniombe radhi. Nataka nisibaki peke yangu na ulichokiona wewe."

"Njoo ule kunde siku ya Mwaka Mpya. Tutaongea."

Ouida aliishikilia ahadi hiyo Desemba nzima.

Talwa waliingia kwenye mtoano bila kura yake. Wazee wa kamati ya mtoano walisema timu iliyopita kwenye tanuri la Shirikisho haiwezi kupimwa kwa mechi moja. Talwa wakapelekwa kaskazini, kwenye theluji, wakafungwa vibaya hata wapinzani wakaingiza wachezaji wa akiba kabla ya mapumziko. Mjomba Doyle alikuwa na maelezo. Vijana walikuwa wamechoka, alisema, kwa sababu Shirikisho ni gumu. Na theluji si mpira. Wakishinda, Shirikisho ni kali. Wakifungwa, Shirikisho ni kali mno, limewachosha. Ouida alijaribu kufikiria matokeo ambayo yangeweza kumshinda Doyle, akashindwa yeye.

Hatchee ndio walioendelea kushinda mtoanoni. Siku ya Mwaka Mpya walikuwa wanakutana na Black Butte.

Ouida alifika na mboga za majani mikononi, kama desturi inavyotaka, ziliwe na kunde ili mwaka uwe na riziki. Baba yake alimfungulia mlango.

Alikuwa amevaa kofia ya manjano.

Haikuwa ya kuazima. Lebo yake ya dukani bado ilikuwa inaning'inia. Nyuma yake, sebuleni, Doyle alikuwa amejifunga skafu ya Hatchee mpaka masikioni, na mezani, kati ya nyama ya nguruwe na bakuli la kunde, palikuwa na chupa ya haradali imesimama wima kama mgeni wa heshima.

"Ingia, ingia, mechi inaanza!" Hoyt alisema. "Weka haradali kwenye nyama yako. Leo ruhusa."

"Baba, ni nini hiyo kichwani?"

"Leo hakuna Hatchee wala Talwa. Leo kuna Shirikisho."

"Uliapa tusikuzike na ua la njano."

"Ndiyo, na mimi bado mzima," Hoyt alisema, na Doyle akacheka akigonga goti.

Ouida alikaa. Alingoja mpaka mechi ikakaribia kwisha na mchezo ukasimamishwa kidogo, kisha akasema kwa upole, Doyle akiwa amekaa palepale, "Baba, tulisema tutaongea. Kile kitambaa."

Doyle aligeuka. "Kitambaa gani?"

Hoyt alimtazama binti yake. Kwa nukta moja uso wake ukawa ule wa kwenye pikapu. Kisha akajipakulia kijiko cha haradali, akaipaka nyama yake yote, taratibu, ukingo hadi ukingo.

"Leo si siku yake," alisema, akang'ata.

Ouida alimtazama akitafuna. Rangi ile ilimkalia kwenye pembe ya mdomo. Ouida akainuka, akaenda jikoni.

Verna alikuwa amesimama mbele ya jiko, ametulia mno.

"Umeiona ile chupa?" alimuuliza binti yake. "Ameinunua mwenyewe. Mwanaume huyu hajawahi kununua hata chumvi." Akafungua tanuri, akatoa mkate wa mahindi, mweupe kama chokaa. "Mama yangu alikuwa anasaga mahindi ya njano. Mkate wake ulikuwa mtamu, Ouida, wewe hujui. Nilipoolewa niliuacha. Nilidhani kwa huyu bwana ni jambo la imani."

Akaubeba mkate hadi sebuleni, akauweka wote mbele ya Hoyt, akaiondoa nyama yake.

"Verna, vipi tena?"

"Kula. Ndicho ulichoapa."

Lakini hapo sebule ikalipuka. Hatchee walikuwa wamevuka mstari wa mwisho, na kwa haki: walikimbia vizuri, walikaba vizuri, hakuna kitambaa kilichoanguka. Black Butte walikuwa wamepigwa na timu bora. Hilo ndilo lililomchefua Ouida kuliko yote. Hatchee walikuwa wameishona shuka yao kwa jasho lao, na sasa kila mvivu wa Kusini alikuwa anajifunika nayo, pamoja na refa yule, pamoja na Talwa.

"Shi-ri-ki-sho!" Doyle aliimba. "Shi-ri-ki-sho!"

Ouida alivaa koti. Alikuwa ameshafika mlangoni Hoyt alipomwita, macho yamejaa machozi ya furaha, kofia ya njano imekaa upande.

"Ouida! Unaondoka sasa? Tumeshinda, mwanangu! Tumeshinda!"

"Nani ameshinda, Baba?"

Hoyt aliigeukia televisheni, ambamo vijana wa manjano walikuwa wanakumbatiana, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakulijua jina la hata mmoja wao. Akakata kipande cha mkate mweupe, akakitia mdomoni, na bintiye akaufunga mlango baba yake angali anatafuna.